Shamba Lisihame Kwenda Porini: Somo juu ya Gorila, Sokomutu na Misitu ya Walikale na Masisi



Kila mara tunazungumza hapa juu ya mbegu, magonjwa ya mihogo na bei ya mazao. Leo tunaleta somo juu ya wanyama wa pori. Tunajua wengine watauliza: gorila anaingiaje katika gazeti la wakulima? Jibu ni fupi. Anaingia kwa sababu nyumba yake inaanza pale shamba letu linapoishia. Kila tunaposogeza mwisho wa shamba, yeye anasogea. Na sasa hana tena mahali pengi pa kusogea.

Someni somo hili kwa kikundi. Asiyesoma asomewe. Mwishoni iko maswali ya kuzungumza na kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao.

1. Wanyama tulio nao sisi peke yetu

Gorila wa misitu yetu, wengine wanamwita ngagi, anajulikana na wataalamu kama gorila wa Grauer. Ni mkubwa kuliko aina zote za gorila: dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 200. Dunia nzima hapatikani katika nchi nyingine. Anaishi mashariki ya Kongo tu: Mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo sehemu yake ya bondeni inafika Walikale; Mbuga ya Maiko; misitu ya vijiji iliyo katikati ya mbuga hizo mbili; na sehemu chache nyingine kama mlima Tshiaberimu upande wa Lubero.

Angalieni vizuri maneno haya: misitu ya vijiji. Gorila wengi hawako ndani ya mbuga yenye walinzi. Wako katika misitu ya koo zetu, ile ambayo babu zetu waliigawa kwa mito na vilima. Walikale ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, kilometa za mraba zaidi ya 23,000, karibu sehemu 4 katika 10 za jimbo lote. Kwa hiyo uhai wa gorila hauamuliwi Kinshasa wala Ulaya peke yake. Unaamuliwa pia Ntoto, Kibua, Pinga na Itebero.

Katika misitu hiyo hiyo wako sokomutu, tembo wa msituni, kakakuona na kasuku wa kijivu. Biashara ya kakakuona na ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini, kutoka nchi moja kwenda nyingine, imekatazwa na mkataba wa mataifa tangu 2017, kwa sababu walikuwa wanakwisha haraka.

Na Masisi? Huko pori kubwa limebaki kidogo, hasa upande wa magharibi unaoteremka kuelekea Walikale. Vilima vingi ni malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi na maharagi. Mzee wa Masisi anaweza kukuonyesha kilima na kusema: hapa zamani tulisikia sokomutu wakilia asubuhi. Kwa hiyo Masisi iko na funzo la kuwapa wenzetu wa Walikale: pori haliondoki siku moja. Linaondoka shamba kwa shamba, na kila shamba lilikuwa na sababu nzuri.

2. Hesabu ya mbuzi na hesabu ya gorila

Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu walikadiria kwamba gorila wa Grauer walikuwa karibu 16,900. Kiisha vita vikaja, na machimbo, na bunduki nyingi. Mwaka 2016 makadirio yalishuka mpaka 3,800, na mwaka huo huo gorila huyu akaandikwa katika orodha ya wanyama walio hatarini sana kuisha kabisa. Mwaka 2021 hesabu mpya ilitoa 6,800. Si kwamba walizaliwa wengi katika miaka mitano. Ni kwamba misitu ambayo watu hawakuweza kufika mbele ilihesabiwa vizuri zaidi. Tukichukua hesabu hii ya mwisho, ndiyo iliyo nzuri, bado katika kila gorila 10 waliokuwapo, 6 hawapo.

Juu ya nini ni vigumu kuwarudisha? Tufanye hesabu kama wafugaji. Kwenye mkutano, wekeni vijiti chini.

Mbuzi jike anaanza kuzaa akiwa na mwaka mmoja na kidogo. Ukipoteza mbuzi watatu kwa ugonjwa, na ulibaki na majike mawili, baada ya miaka michache zizi limejaa tena.

Gorila jike anaanza kuzaa akiwa na miaka karibu 10. Anabeba mimba miezi nane na nusu. Anazaa mtoto mmoja. Anamnyonyesha na kumbeba, na hazai mwingine mpaka ipite miaka karibu 4. Watoto wengine wanakufa wakiwa wadogo. Kwa hiyo maisha yake yote anaweza kuacha nyuma yake watoto wachache tu waliokomaa. Sokomutu ni polepole zaidi: mtoto mmoja kila miaka 5 au 6.

Sasa ondoeni kijiti kimoja, jike mmoja aliyenaswa na mtego. Muulizane: kijiti hicho kitarudi mwaka gani? Mtoto aliyezaliwa leo atakuwa mama wakati mtoto wako anayeanza shule ya msingi amekuwa kijana. Ndiyo maana tunasema mtego mmoja wa leo unakula mpaka kizazi kijacho.

3. Milango minne wanakopitia kuisha

Mtego. Watu wengi hawatafuti gorila. Wanatega waya au kamba ya nailoni kwa ajili ya mboloko na nguruwe wa pori. Lakini waya hauchagui. Mtoto wa gorila anatia mkono, anavuta, waya unakaza. Hata akikata kamba na kutoroka, mkono unaoza. Na pale watu wanapoua mama ili wachukue mtoto wa kuuza, dume hulinda familia, na mara nyingi wanakufa kadhaa kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye naye anakufa njiani.

Shamba linalohama. Udongo wa msituni unazaa vizuri misimu miwili au mitatu. Kiisha unachoka, na mkulima anafyeka pengine. Zamani watu walikuwa wachache, na pori lilipata miaka mingi ya kupumzika. Leo jamaa zetu wamekimbia vita, familia tatu zinalima pale palipolimwa na moja. Hatulaumu mtu. Lakini panga halirudi nyuma.

Makala. Goma, Sake na miji mingine midogo inapika kwa makala. Miti hiyo inatoka mahali fulani: katika Mbuga ya Virunga, katika vilima vya Masisi, na sasa mbali zaidi kandokando ya barabara.

Kareri. Kwenye machimbo ya koltani, kasiterite na dhahabu watu ni wengi, mashamba ni machache, na nyama ya ng'ombe iko mbali. Kinacholiwa ni nyama ya pori. Tangu koltani ilipopanda bei karibu mwaka 2000, machimbo yaliyofunguliwa ndani ya Kahuzi-Biega yaliwamaliza wanyama wengi.

Milango ya makala na kareri ni mikubwa kuliko koperative. Lakini mtego na shamba linalohama viko mikononi mwetu. Na kama tutakavyoona, hata makala na chakula cha kareri vinaweza kuwa soko letu.

4. Pori linamfaa nini mkulima?

Gorila ni mkulima wa pori. Anakula matunda, anatembea, anaacha mbegu katika mavi yake, mara nyingi pale alipolala, mahali penye mwanga. Tembo na ndege wakubwa wanafanya kazi hiyo hiyo. Pori lisilo na wanyama linaonekana bado lina miti, lakini miti mingi yenye matunda makubwa haipandwi tena na mtu yeyote.

Pori linashika maji. Wakulima wa Masisi wanajua mlima uliovuliwa miti unavyofanya mvua kubwa ikianguka: udongo unateremka na viazi vyake, na mara nyingine na nyumba.

Tena iko mambo ya ugonjwa. Ebola ya 2018 mpaka 2020 katika jimbo letu na Ituri iliua watu zaidi ya 2,200. Virusi vya namna hii vinatoka kwa wanyama wa pori na kuingia kwa watu. Mnyama mliyemkuta amekufa porini msimguse, msimchune, msimle, hata kama anaonekana mzima. Na ugonjwa unapita njia zote mbili: mafua yetu yanaweza kuua gorila. Mwenye kukohoa asiwakaribie.

5. Kazi tano za koperative

Kwanza: kupumzisha udongo bila kuhama. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Shamba linalobaki na nguvu linaokoa pori kuliko kibao chochote cha kukataza. Badilisheni mihogo na maharagi, njugu au soya. Msichome majani ya palizi. Yatandazeni juu ya udongo. Tengenezeni shimo la mbolea kwa maganda, majivu na mavi ya mifugo. Kwenye miteremko ya Masisi, pandeni mistari ya majani ya ng'ombe, setaria au tripsakumu, ikifuata kimo kimoja cha mlima na si kuteremka. Mstari huo unashika udongo na unalisha mbuzi.

Pili: nyama ya nyumbani. Hatuwezi kumwambia mtu aache mboloko kama sahani iko na sombe peke yake. Kuku, sungura na dende ni mifugo ya watu wasio na ardhi kubwa. Dende anakula majani na maganda, anazaa mara nyingi, na watoto wanaweza kumtunza. Hata watu wakikimbia vita wanaweza kumbeba katika kikapu. Pale penye maji na bonde, kidimbwi cha samaki. Koperative ianze na mzunguko: mwanachama anapewa dende majike matatu na dume moja, wakizaa, anarudisha idadi ile ile kwa jirani. Kijiji kilicho karibu na kareri kikiwa na kuku na samaki wa kutosha, kiko na soko tayari.

Tatu: miti ya makala yetu wenyewe. Tangu 2007 wakulima wa Masisi na wa pembeni ya Virunga wamepanda miti ya kuni na makala katika mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF. Pandeni mikaratusi au akasia pale udongo umechoka, mbali na chemchemi, kwa sababu mkaratusi unakunywa maji mengi. Mita mbili na nusu kutoka mti mpaka mti ni miti 1,600 kwa hekta. Ndani ya mashamba ya maharagi na kahawa tumieni grevilea na kaliandra, ambazo hazigombani na mazao. Na nyumbani, mbabula iliyoboreshwa inapunguza makala ya kila siku.

Nne: mpaka usiowaita wanyama. Mtu akipanda mahindi na ndizi kugusana na pori, amewaandikia kima na nguruwe barua ya mwaliko. Mstari wa mwisho uwe wa mimea wasiyoipenda, kama pilipili, au chai pale baridi inaruhusu. Karibu na msitu wa Bwindi, Uganda, chai imepandwa mpakani kwa sababu hiyo. Mahindi yakae karibu na nyumba. Mlinde kwa zamu, kwa makelele na mbwa aliyefungwa, si kwa waya wala sumu. Gorila akiingia shambani, msimzunguke na msimtupie mawe. Mpeni njia ya kurudi.

Tano: sheria ya kikundi juu ya mitego. Gorila na sokomutu wanalindwa kabisa na sheria ya Kongo: sheria ya uwindaji nambari 82-002 ya 1982 na sheria ya kulinda viumbe nambari 14/003 ya 11 Februari 2014. Kuua, kukamata, kuuza au kufuga mtoto wao ni kosa. Lakini sheria ya mbali inasikika zaidi ikiwa karibu. Andikeni katika kanuni za koperative yenu: hatutegi waya porini, na hatununui nyama ya gorila, sokomutu wala kakakuona. Mkimkuta mtoto wa mnyama huyo, mjulisheni mwami au ICCN. Jambo moja tunasisitiza: msimfuate mwindaji mwenye silaha. Hakuna mnyama anayetudai tufe.

6. Msitu wa jamii: karatasi inayolinda pori la ukoo

Wanachama wengi hawajui haki hii, kwa hiyo tuitulie. Kodi ya misitu ya 2002, nambari 011/2002, inasema jamii inaweza kupewa msitu ambao imeumiliki kwa mila. Amri nambari 14/018 ya 2 Agosti 2014 ilieleza namna ya kuupata. Mambo matatu makubwa: msitu huo unaweza kufika hekta 50,000, unatolewa bila kulipwa, na unatolewa kwa daima. Jamii inabaki na haki ya kuokota, kuvuna na kutumia kufuatana na mpango wake yenyewe. Mgeni hawezi kuja na pesa kwa mtu mmoja na kuondoka na pori la wote.

Hatua ni hizi:

1. Mkutano wa kijiji chote: wazee, wanawake, vijana, na ndugu zetu Batwa. Mkutano unakubali na kuchagua wawakilishi.
2. Ramani ya pamoja. Mnatembea na majirani kwenye mito na vilima, mnakubaliana mpaka. Mpaka ambao jirani hakuukubali utaleta vita, si ulinzi.
3. Barua ya kuomba kwa Gavana wa jimbo, pamoja na ramani, maandishi ya mkutano na orodha ya familia au koo.
4. Uchunguzi wa serikali uwanjani, kiisha karatasi ya Gavana.
5. Mpango rahisi wa utunzaji: wapi tunalima, wapi tunaokota kuni na dawa, wapi hatuingii na panga, ili wanyama wazae.

Pale ambapo kazi ya ofisi imesimama juu ya vita, anzeni hatua ya kwanza na ya pili. Ramani iliyokubaliwa na majirani haiozi.

Mfano uko hapa kwetu. Tangu 2012, familia zenye ardhi ya kimila huko Nkuba, Walikale, zimeshirikiana na shirika la Dian Fossey Gorilla Fund. Vijana wa vijiji ndio wanaofuata nyayo za gorila na kuondoa mitego, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Si mbuga, na hakuna aliyefukuzwa.

7. Swali gumu

Katika kila mkutano anasimama mama mmoja na kusema: "Munatukataza nyama, munatukataza pori, sasa munatupa nini?" Iko haki katika swali hilo, na tusilikimbie.

Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970 na kupanuliwa 1975. Batwa waliokuwa wakiishi humo waliondolewa, na machungu yake yako mpaka leo. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema kwamba haki zao zilivunjwa. Mbele ya hapo, Kongo ilitoa sheria ya kulinda Batwa na jamii zote za namna hiyo, nambari 22/030 ya 15 Julai 2022. Ulinzi unaofukuza watu unazaa maadui wa wanyama. Ndiyo maana kwenye hatua ya kwanza tuliandika jina lao.

Na sisi wa gazeti hili tuungame kosa letu. Iko misimu tuliyogawa mbegu na majembe, tukafurahi kuhesabu hekta mpya, bila kuuliza hekta hizo zilitoka wapi. Nyingine zilitoka porini. Leo tunaona hesabu nzuri si shamba kubwa zaidi, ni debe nyingi zaidi katika shamba lile lile.

Hatuwaahidi watalii. Barabara na usalama wetu tunavijua. Tunachosema ni hiki: udongo wenye nguvu, dende, miti ya makala na karatasi ya msitu vinafaa familia hata kama hakuna mzungu anayekuja kuona gorila. Gorila atapona ndani ya faida yetu, si juu ya njaa yetu.

8. Wanaweza kurudi

Gorila wa milimani, ndugu wa karibu wa gorila wetu, mwaka 1981 walihesabiwa 254 tu katika milima ya Virunga. Katika hesabu ya 2016 walikuwa 604. Vita vilipita juu yao pia, lakini watu walikaa kazini mwaka kwa mwaka.

Na iko habari ya karibu zaidi. Huko Kasugho, teritware ya Lubero, iko nyumba ya gorila yatima wa Grauer inayoitwa GRACE. Baada ya miaka mingi, majike manne yaliyokulia humo yalipelekwa mlima Tshiaberimu mwaka 2023, na mwaka 2024 yakaachiliwa porini, pale walipobaki gorila wasiofika 10. Mmoja anaitwa Ndjingala, jina la mji wetu kwenye njia ya Walikale. Alipokonywa mama yake akiwa mdogo. Leo ni jike wa kuzaa, katika pori.

Maswali ya kikundi

1. Mnyama gani wazee wenu walimwona na ninyi hamumwoni tena? Mara ya mwisho ilikuwa mwaka gani?
2. Shamba lenu la mwisho upande wa pori lilifyekwa lini, na juu ya nini?
3. Nani katika kijiji hajaitwa kwenye mkutano kama huu?

Kazi kabla ya mkutano ujao

Tembeeni pamoja kwenye mpaka wa mashamba na pori. Pandeni mti unaoonekana, kama mtini, kila hatua mia moja. Wekeni makubaliano kwamba kwa mwaka mmoja hakuna panga litakalopita miti hiyo. Kiisha chagueni mashamba mawili yaliyochoka, na tuje tuyafufue pamoja.